Kifungo Kwenye Trakea

Kila akitoka shule, Sindano aliketi karibu na cherehani ya mama yake, fundi wa nguo, akishona vifungo. Jina hilo alipewa kwa wembamba wake. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ila alikuwa na tabia mbaya ya kubana vifungo mdomoni na kuvitoa kimoja kimoja. Mama alimkanya mpaka akachoka. "Mdomo si kopo la vifungo, wewe!" Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku moja mama alikwenda kununua uzi. Kitinda, mdogo wake wa miaka minne, akamuiga dada yake. Alitia kifungo mdomoni, akacheka, mara akapaliwa! Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akatulia, lakini kila akivuta pumzi, kifua kilitoa mluzi. Mama aliporudi na kuuliza, Sindano alijibu kwa woga, "Amekohoa tu, mama."

Wakakimbilia hospitali. Daktari, mwanamke mwenye nywele za mvi, alitazama picha ya eksirei. "Sioni kitu. Huenda ni pumu. Nitampa dawa mrudi nyumbani."

Midomo ya Kitinda ilikuwa imeanza kupauka. Sindano akaudaka mkono wa daktari.

"Daktari, ni kifungo!" alilia. "Cha plastiki. Alikuwa ananiiga mimi!"

"Lo! Plastiki haionekani kwenye picha," daktari alisema, akambeba mtoto mbio kuelekea chumba cha upasuaji. Mama hakumgombeza Sindano. Alikaa kwenye benchi akiukazia macho mlango wa chumba hicho, na hilo lilimuuma Sindano kuliko kofi.

Baada ya saa nzima daktari alitoka. "Kimetoka. Anapumua vizuri."

Mama alilia kwa furaha. Sindano akauliza kilikuwa kimekwama wapi.

"Kwenye trakea, njia ya hewa. Neno hilo asili yake ni Kigiriki, maana yake 'yenye kukwaruza'. Papasa shingo yako hapa mbele. Unasikia pete?"

"Ndiyo, zina matuta matuta."

"Ndiyo sababu Wagiriki wa kale waliiita hivyo. Pete hizo huizuia njia isijifunge. Lakini haziwezi kuzuia kifungo."

Sindano aliinama. "Nisamehe, mama."

Mama akamvuta kifuani. "Kosa ulilifanya, mwanangu, tena kwa ukaidi. Lakini ulipolisema, daktari alijua pa kutafuta. Ungeendelea kulificha, leo tungerudi nyumbani wawili."