Nukta Mbili Kifuani kwa Oronzo

Oronzo alizima leza, lakini zile nukta mbili za kijani hazikuondoka kwenye skrini.

Roboti yake ilikuwa chini kabisa baharini, kina cha mita mia sita, nje ya bandari ya Leuca, kusini mwa Italia, ikipiga picha matumbawe meupe yanayoota gizani. Nukta zile ni za kupimia tu: unazimulika juu ya tumbawe, nazo huachana sentimita kumi, ukajua ukubwa wake. Sasa zilikuwa zimetulia ndani ya ufa wa mwamba kama macho.

Ilikuwa siku ya Marehemu Wote. Kwetu hakuna anayeshusha wavu siku hiyo, asije akavuta juu kilicho cha wafu. Nahodha wetu, mzee Cosimo, alikuwa amekataa tangu asubuhi roboti isishushwe.

"Hatuvui, nahodha," Oronzo alimwambia. "Tunachungulia tu."

"Na wewe ukichunguliwa nyumbani kwako siku ya matanga, utafurahi?"

Tulimcheka mpaka akakubali. Mimi mpishi, ninayeungama kila Pasaka, nilicheka kuliko wote. Mungu anisamehe.

"Zima basi, kaka," sasa nilinong'ona.

"Nimezima. Hata waya nimechomoa."

Skrini ikawa nyeusi. Harufu ya mishumaa iliyozimwa sasa hivi ikajaa kile chumba cha skrini melini, kisicho na dirisha, na zile nukta zikatokea ukutani, zikapita juu ya aproni yangu, zikapanda bega la nahodha, zikashuka polepole kama mkono wa fundi cherehani anayechukua kipimo, mpaka zikafika kifuani kwa Oronzo, zikakaa.

"Inapima," nahodha akasema kwa sauti ndogo. "Inatafuta mtu wa kuenea ndani ya ule ufa."

Tuliporudi gatini, Padri Pantaleo alisali, akamnyunyizia Oronzo maji ya baraka. Nukta zikafifia. Oronzo akavuta pumzi.

"Padri, naweza kumbeba binti yangu?"

Mkewe, Addolorata, alikuwa tayari anakuja na kichanga cha wiki sita mikononi. Ndipo nukta zikawaka tena, zikatoka kwenye shati la Oronzo, zikavuka mawe ya gati yaliyolowa, zikapanda gauni la mama, zikaingia kwenye blanketi, na hapo zikaanza kusogeleana, taratibu, taratibu, zikijipunguza zipate kuenea kifua kidogo namna ile.

Oronzo akaruka katikati, mikono ameipanua.

"Rudi nyumbani, mama. Usigeuke."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mpeleke mtoto."

Nukta zikamwacha mtoto, zikarudi kifuani kwa Oronzo.

Akarudi melini, na tangu siku hiyo hajashuka. Binti yake sasa anatembea. Oronzo anakula vizuri, nampikia mwenyewe, lakini kila wiki anazidi kuwa mwembamba, mabega yanaingia ndani, kama mtu anayechongwa kufuata kipimo.

Ukipita gatini kwetu, mwachie mkate kwenye mlango wa meli. Na kama una mtoto, tafadhali, mwache kwanza kwa jirani.