Msalaba Mwekundu Nilioupaka Chokaa

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na moja na tayari ni mjane. Nawaandikia kutoka chumbani kwa shangazi yangu hapa Kariakoo, maana chumba nilichoishi na mume wangu hakipo tena...

Tulipanga kwa Bi Hadija, bondeni Jangwani. Nilipotoka Lindi nikiwa mwari, bila ndugu wa kunishika mkono, maana shangazi alikuwa bado hajahamia huku, yeye ndiye aliyenifundisha mji. Nikiugua, alinikorogea uji kwa mkono wake. Nilimpenda mama yule! Saidi, mume wangu, alikuwa zamu ya usiku kiwanda cha nguo, kwa hiyo mchana alilala.

Siku moja alikuja bwana mmoja wa halmashauri. Aligongagonga kuta, akazungumza na Bi Hadija kibarazani, kisha akachora msalaba mwekundu ukutani nje ya chumba chetu. Nilimwonea haya yule bwana, nikasubiri aondoke ndipo nikamwuliza Bi Hadija.

Akacheka. "Hao watu wa dawa ya mbu, mwanangu. Watarudi kupuliza."

Nani asingeamini? Wapuliza dawa walizoea kutuchorea kuta zetu.

Idi ikakaribia. Bi Hadija akasema haifai nyumba kuipokea sikukuu na uso mchafu. Wapangaji tukajitolea kupaka chokaa kwa moyo mmoja, kila mtu na brashi yake. Enzi zenyewe si za ujamaa? Ukuta wetu nikauchukua mimi. Ule msalaba ulikuwa mkaidi, kila chokaa ikikauka unachungulia. Nikarudia, nikarudia tena...

Bi Hadija alikuwa mkekani akinitazama. "Mkono wako mwepesi, mwanangu," akanisifu. Neno jingine hakutamka!

Masika yakaja kwa hasira. Jangwani kote kukawa maji, na kuta zetu za udongo zikanywa mvua usiku na mchana. Asubuhi moja mvua ilipopungua nilimwacha Saidi amelala, nikaenda kupanga foleni ya sukari duka la ushirika. Nikiwa foleni nikamwona jirani yangu anakuja mbio, hana hata kanga kichwani. Nikajua kuna msiba.

Wenzetu walikuwa uani wakipika, wakasalimika. Ukuta ulimwangukia Saidi peke yake. Walipomfukua alikuwa amekwishakata roho. Mume wangu, jamani!

Baada ya maziko tuliitwa kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Yule bwana wa halmashauri alieleza kwamba nyumba ilikuwa ya hatari, na sheria ilimtaka mwenye nyumba atuambie. Msalaba ulikuwa onyo. Akauliza, nani aliufuta?

Bi Hadija akanyoosha kidole... kwangu! "Huyo hapo ndiye aliyepaka."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningewaambia mngehama," alijibu bila kunitazama. "Na uzee huu, ningekula nini?"

Alichukuliwa hatua, lakini hatua hizo hazikunirudishia Saidi.

Ndugu zangu wapangaji, sheria ilitungwa ili tuambiwe, ila kazi ya kutuambia akaachiwa mtu mwenye sababu ya kunyamaza. Mkimwona mkaguzi mlangoni, mfuateni mwenyewe, mwulizeni, hata mwenye nyumba akiwa kama mama yenu! Mimi nilimwonea haya mgeni, nikamwuliza niliyempenda... nikamzika mume wangu.