Ekeri Kwanza, Papa!

Kila asubuhi, mwaka ule wa 1956, Lucien aliosha uso, akavaa shati jeupe na kuteremka kutoka mtaa wao wa Kadutu kwenda shuleni. Babake, papa Philémon, mwashi wa nyumba za mtaa wa Bagira, aliwatangazia majirani: "Mutoto wangu iko ku sekondari. Kiisha, universite!"

Haikuwa kweli. Lucien alipangiwa shule ya ufundi, kujifunza useremala. Léopold, rafiki yake aliyepata nafasi ya sekondari, alimcheka: "Utakuwa boi wa nyundo, wewe!" Siku hizo Wazungu walimwita boi, yaani mvulana wa kutumwa, hata mzee mwenye mvi, na baya zaidi, tulianza kuitana hivyo sisi kwa sisi. Lucien aliona haya, akamdanganya babake.

Mvua za Novemba zikavimbisha mlango wa nyumba yao, ukakataa kufungika. Papa Philémon aliazima randa, akaanza kuukwangua kwa hasira. Lucien alijizuia, akashindwa.

"Hapana, papa! Ekeri kwanza! Utaupindisha!"

Randa ikasimama. Ekeri, kipimo cha pembe cha maseremala, halikuwa neno la sekondari.

"Ekeri? Kule sekondari wanafundisha Kilatini ya mbao?"

Lucien akainama, akasema yote. "Sikutaka uitwe baba ya boi," akamaliza, akingoja kofi.

Kofi halikuja. "Mimi nilijenga muji hii tangu inaitwa Costermansville," babake alisema. "Mupaka leo wananiandika boi-mason, hapana mwashi. Chef wangu, musimamizi wa kazi, hajui kushika mwiko ya kujengea, lakini anasoma plan, ile muchoro ya nyumba. Mimi sijui. Akisema nimekosa, nanyamaza. We unajua kusoma plan?"

"Ndiyo, papa."

"Basi, shika randa."

Lucien akapima pembe kwa ekeri, akachora mstari, akapiga randa taratibu. Mlango ukafungika kwa kusukumwa na kidole kimoja. Papa Philémon aliufungua na kuufunga mara tano, kisha akamwita jirani yao.

"Maman Eulalie! Mutoto haiko ku sekondari. Anasoma ufundi!"

"Ee, pole, papa Philémon."

"Pole ya nini? Kuja uone mulango!"

Akamgeukia mwanawe. "Universite iko muzuri. Léopold aende, arudi munganga. Lakini hospitali yake, nani atajenga? Uone haya ya uongo, usione haya ya kazi. Na kesho jioni unifundishe kusoma plan. Chef akisema ukuta wangu umepinda, nitamuuliza: ku mustari gani ya plan?"