Dole la Mguu

Kila asubuhi kabla ya shule, Upesi alishuka kilima na ndoo mbili mpaka kijitoni, akapanga foleni, akachota, akapanda tena. Upesi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu msichana huyu alifanya kila kitu mbio mbio. Alikula mbio, alifagia mbio, na hesabu za shuleni alikuwa wa kwanza kuzimaliza, zikiwa na makosa matatu manne ya kuzisindikiza.

Zamani kazi ya maji ilikuwa ya mama yake. Miezi miwili iliyopita mama aliteleza kwenye mteremko ule akiwa na ndoo kichwani, akavunjika kifundo cha mkono. Mama alikuwa mshonaji, na tangu siku hiyo cherehani yake ilikaa dirishani imefunikwa shuka, na chakula kikawa cha kubahatisha. Bomba la mtaa lilikuwapo, tena hatua ishirini tu kutoka mlangoni kwao, lakini lilikauka mwaka juzi. Siku hizi kuku ndio waliolala juu yake.

Alhamisi moja alasiri akaja mwanamke wa shirika linalopigania haki za watu maskini. Watu wakamwita Dada wa Shirika. Walijaa uwanjani wakitarajia matangi, au walau ndoo mpya. Yeye akafungua mkoba, akatoa bunda la karatasi na kikopo bapa cha wino wa buluu.

"Karatasi!" akasema muuza mkaa. "Sasa dada yangu, hizi tunazichemsha kwanza au tunazinywa hivi hivi?"

Watu wakaangua kicheko. Dada naye akacheka mpaka akafuta macho.

"Kaka, ningekuletea tangi leo, kesho kutwa lingekuwa tupu, na mimi sipo. Bomba lenu lina mwenyewe, na mwenyewe ni idara ya maji. Kule ofisini wanaamini watu wa huku wamehama. Basi tuwaonyeshe kwamba mpo. Kila nyumba, kwenye karatasi yake, itoe jina, maneno machache ya jinsi ukosefu wa maji ulivyowaumiza, na dole gumba chini yake. Jamani, maneno yawe ya mwenyewe."

Watoto waliojua kuandika vizuri wakagawiwa njia. Upesi alipata nyumba kumi na nane za njia ya chini, akatoka kama mshale.

Nyumba sita za kwanza zilikwenda vizuri. Ya saba ilikuwa ya fundi viatu, mzee mwenye ulimi mzito.

"Shikamoo, babu. Maji yamekuumiza vipi?"

"Marahaba. Ngoja nifikirie."

Akafikiri. Akatoboa tundu kwenye soli, akafikiri tena. Upesi akasimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Mwisho akaaga. Nyumba ya nane ilikuwa na mbwa mkali. Ya tisa mlango ulikuwa umefungwa. Huko nyuma rafiki zake walikuwa wanaruka kamba, na sauti zao zilimfikia vizuri kabisa.

Akajibanza nyuma ya ukuta. Akaandika, "Tunapata shida ya maji." Akaiandika mara kumi na mbili, mara moja kwa kila nyumba iliyobaki. Akabonyeza wino kwa kidole kimoja kimoja mpaka vyote kumi vikaisha. Bado nyumba mbili! Akawaza kidogo, akavua kiatu cha kulia, kisha cha kushoto.

"Wa kwanza kumaliza!" Dada akamsifu jioni ile. Upesi akatabasamu, ila macho yake yalitazama chini.

Ijumaa baada ya shule, Dada akawaita watoto wote. "Kesho alasiri afisa wa maji anakuja. Atachagua karatasi yoyote, atasoma, na mwenye maneno atasimama mbele yake ayakiri. Kuna mtaa mmoja waliandika watu wawili wa uongo. Ombi zima likatupwa, na mpaka leo hawana maji."

Upesi akarudi nyumbani polepole, jambo ambalo peke yake lilitosha kumshtua mama yake. Akakaa kwenye kizingiti, akanawa miguu kwa kikombe kimoja cha maji, kwa sababu ndicho kilichokuwapo. Kikombe kimoja hakiondoi wino.

Mama akainama. Akamtazama kidole gumba cha mguu kimoja, akamtazama cha pili.

"Mwanangu, watu wa njia ya chini wameanza lini kutia dole kwa mguu?"

Upesi akafungua mdomo aseme uongo mwingine. Akauona mkono wa mama uliofungwa bendeji, akaona na cherehani ile kwa nyuma. Akalia, akasema yote.

Mama hakumpiga. Midomo ilimcheza kama mtu anayeomba. Kisha akasema, "Mshukuru Mungu leo ni Ijumaa, si Jumapili. Vaa viatu."

Dada wa Shirika aliisikiliza habari yote, kisha akazichana zile karatasi kumi na mbili.

"Nimechukia," akasema, "na sitakuficha. Lakini umekuja mwenyewe, na muda bado upo." Akampa karatasi mpya. "Nyumba kumi na mbili. Safari hii usiondoke mpaka mtu amalize kusema."

Upesi akapiga moyo konde. Kwa fundi viatu aliketi juu ya gogo. Mzee akafikiri, yeye akangoja. Alipomaliza viatu viwili, mzee akasema polepole, na Upesi akaandika kila neno. Kwenye nyumba ya mbwa aliita kwa mbali, akatoka mama kijana mwenye mtoto mchanga, ambaye Upesi hakuwahi hata kumwona.

"Unataka maneno yangu mimi?" akauliza mama yule. "Mbona hakuna aliyewahi kuniuliza?" Kisha akaeleza, na Upesi akaandika bila kuinua kichwa. Nyumba ya mwisho aliimaliza Jumamosi saa sita mchana, akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Alasiri afisa wa maji akafika, uso umekunjamana. Akapekua bunda, akachomoa karatasi moja. Upesi akaijua kwa mbali. Akaushika mkono mzima wa mama yake.

Afisa akasoma: "Ngozi ya kiatu hailainiki bila maji. Nimewarudishia watoto saba viatu vyao vibovu, na wanakwenda shule peku." Akainua macho. "Nani huyu?"

Mzee akajiinua kwa fimbo, taratibu.

"Mimi. Tena nimeshafikiri zaidi, nina ya kuongeza."

Uwanja mzima ukacheka, na afisa akashindwa kujizuia. Akasoma nyingine: "Mwanangu namwogesha kwa maji niliyooshea vyombo." Mama yule kijana akasimama na mtoto wake, vipele vikionekana mpaka shingoni. Hapo hakucheka mtu. Afisa akasoma tisa, na tisa wakasimama. Akafunga bunda, akasema kwa sauti ya chini, "Niliambiwa hapa hakuna watu."

Wiki ya nne mafundi wa idara walikuja, na mtaa ukatoka kuchimba pamoja nao. Bomba likakohoa, likatema kutu, kuku wakatawanyika, kisha maji yakaja. Mtaa mzima ukashusha pumzi. Hata muuza mkaa akajimwagia kichwani, akapiga kelele, "Dada, karatasi zako tamu!"

Mama, ambaye bendeji yake ilikuwa imeshafunguliwa, akaikinga miguu ya Upesi bombani.

"Lete hiyo miguu inayojua kuandika." Akaisugua mpaka alama ya mwisho ya buluu iliyobaki chini ya ukucha ikatoka. "Umeona, mwanangu? Ulipowasemea watu uongo, mtaa ulikuwa na maneno manne tu. Ulipokaa ukawasikiliza, kila mmoja alisimama na lake. Maskini ana mdomo kama mtu mwingine. Anachokosa ni mtu wa kumngoja amalize. Haraka yako nzuri, ila ifanyie kazi ya kweli."

"Ndiyo, mama."

"Haya, jaza ndoo. Leo nashona."

Upesi akajaza ndoo, akatembea zile hatua ishirini polepole, asimwage hata tone.