Kamera Haikuwa na Kosa

Ndugu zangu wa mtaa huu na mitaa ya jirani, kaeni vizuri. Anayetafuna atafune polepole, maana jambo lenyewe ni zito.

Asubuhi moja tulivu, mpiga picha za pasipoti alikuwa dukani akimchania mteja nywele. Watu walimwita Bwana Tabasamu, kwa kuwa aliwaamuru wateja watabasamu hata pale serikali ilipokataza. Nyuma ya pazia, mkewe alikuwa akikata picha kwa mkasi na kumsikiliza akitania.

Mara kitana kikamponyoka mkono wa kulia. Mdomo ukapinda upande, maneno yakatoka yamelegea kama uji. Mkewe akachungulia, akacheka, akidhani ni mzaha wa kila siku. Kisha akaona macho ya mumewe hayana mzaha.

Bahati nzuri alimfikisha hospitali mapema. Baada ya picha ya ubongo, madaktari walisema ni kiharusi: bonge la damu limeziba mshipa. Akapewa dawa ya kuliyeyusha, na siku ya nne akatoka kwa miguu yake. Daktari alimpa karatasi ya kurudi wiki ileile, apigwe picha ya mishipa ya shingo na ya moyo, ijulikane bonge lilitoka wapi.

"Nirudi kufanya nini?" akasema nyumbani. "Mimi nampiga mtu picha mara moja, basi. Anayerudia ni mwanafunzi."

"Daktari amesema, baba watoto."

"Picha yangu anayo. Akinikumbuka, aitazame."

Nakala ya picha ya ubongo aliyopewa akaitundika kwenye kioo cha duka, katikati ya mabibi harusi wawili. Muuza viatu wa jirani akaitazama sana, akasema kumbe mle kichwani mna kitu. Wote wakacheka, na mkewe pia. Vidonge alivyopewa alimeza, karatasi ya kurudi ikalala chini ya godoro. Hapo, ndugu zangu, ndipo ugonjwa wa pili ulipoingia nyumba ile: kuridhika.

Wiki ya tatu, akimlenga mteja kwa jicho lake la kushoto kama alivyozoea, alisimama ghafla.

"Kamera imekufa. Kama mtu ameshusha pazia."

Akaipuliza, akaifuta lenzi kwa shati, akaitukana kwa adabu. Mkewe akaichukua na kuchungulia. Alimwona mteja wazi, mpaka kifungo kilichokatika shatini.

"Mume wangu, kamera ni nzima."

"Nzima vipi, nami sioni?"

"Hebu funika jicho la kulia."

Akafunika. Duka zima likazama gizani.

Dakika chache baadaye giza likaondoka, naye akaanza kudai yamekwisha. Mkewe hakubishana. Alimwomba mteja radhi, akafunga duka, akamshika mkono.

Kwenye benchi la hospitali mkewe alimwambia, "Siku ile nilicheka."

"Nilikusikia."

"Na ukanyamaza wiki zote hizi?"

"Nilisema moyoni, kama mama watoto anacheka, basi sifi."

Wakaitwa ndani.

Binti wa vipimo alimpaka mzee jeli baridi shingoni, akapitisha kifaa kidogo juu yake. Kwenye skrini ikaonekana damu ikijipenyeza mahali pembamba: mafuta yalikuwa yameganda ndani ya mshipa wa kushoto.

"Picha ya kichwa ilionyesha mtoto anayelia, mzee," akasema. "Haikuonyesha anayempiga. Anayempiga ni huyu. Vipande vinamegeka hapa. Kimoja kilipanda ubongoni, leo kingine kimepita jichoni."

"Ningekuja wiki ile niliyoandikiwa..."

"Umekuja leo," mkewe akasema. "Tulia akupige picha vizuri."

Siku hiyohiyo alilazwa, na wiki hiyo madaktari wakaufungua mshipa wa shingo na kuusafisha. Alipozinduka, mkewe aliweka vidole vyake katika mkono wa kulia wa mumewe.

"Bana."

Akabana.

"Zaidi."

Akabana mpaka vidole vikauma, na mkewe hakuvitoa.

FUNZO

Kupona kiharusi si kukijua chanzo chake. Picha ya ubongo husema pameumia wapi; mara nyingi shingo na moyo ndivyo vinavyosema balaa limetoka wapi, na chanzo kisipotafutwa, kitarudi kazini. Ukiandikiwa kurudi, rudi. Jicho, mkono au mdomo ukigoma dakika tano kisha ukatii, usishangilie. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Nasi tulioko nyumbani tusicheke tu na mgonjwa, tumsindikize.

Nimemaliza. Mwenye karatasi kama ile chini ya godoro ainuke sasa. Kiti chake tutamlindia.