Kidonge Ambacho Mama Hakukimeza

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ilikuwa kuokota pini. Mama ni fundi cherehani, na sakafu ya chumba chetu cha mbele hujaa pini, nyuzi na vipande vya vitambaa. Nilipita na sumaku niliyoifunga kwenye uzi, huku Mama akikanyaga cherehani na kuimba wimbo usio na maneno. Siku hizo tumbo lake lilikuwa limekua mpaka linagusa meza, ikambidi anyooshe mikono kama mtu anayefikia sahani ya jirani.

Mama ana desturi moja ambayo wateja humtania nayo. Hakati kitambaa cha mtu kabla ya kumwuliza. Hukitandaza mezani, huchora kwa chaki, humwonyesha mteja mkasi utapita wapi, kisha huuliza, "Nikate?" Mteja asiposema "Kata", mkasi haufunguki. Kuna mwanamke mmoja aliyechoka kusikiliza maelezo akasema, "Fundi, wewe kata tu, mimi nakuamini." Mama akamjibu, "Kama unaniamini, nisikilize kwanza."

Jumamosi moja hatukumaliza kazi. Tarehe ambayo Mama alitarajiwa kujifungua ilikuwa imepita kwa zaidi ya wiki, na mkunga wa kliniki alikuwa amemwambia aende hospitali akaangaliwe. Baba, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa safarini. Basi Shangazi, dada yake Baba, akaja kutusindikiza. Shangazi ni mtu mwema na mchapakazi, lakini mbele ya yeyote aliyevaa nguo nyeupe hukunja mikono na kuwa mpole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Tukifika huko ni kuitikia tu," alituonya mlangoni. "Hakuna cha maswali. Wale watu wamesoma."

"Wamesoma, ndiyo, lakini tumbo ni langu, wifi," Mama alisema, akacheka.

Mimi nilibeba begi. Nyumbani jina langu ni Dirisha, kwa sababu Baba husema watoto wa watu walipita mlangoni, mimi nikapitia dirishani. Maana yake ni kwamba nilizaliwa kwa upasuaji. Mama ana mshono chini ya kitovu, na kila mtu pale nyumbani anaujua.

Wodi ya wazazi ilikuwa inasuguliwa. Maji ya sabuni yalitapakaa kila mahali, vitanda vilikuwa vinavutwa huku na huku, na dawa ya kuoshea sakafu ilitufanya tupige chafya. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwuguzi mkuu wa wodi. Wagonjwa walimwita Sista Haraka, na baada ya dakika chache nikajua kwa nini. Alipokea kadi ya kliniki ya Mama, hakuifungua, akaanza kujipepea nayo.

"Umepitiliza?" aliuliza.

"Ndiyo, Sista. Wiki moja na..."

"Haya, panda kitanda kile cha dirishani. Jumatatu tuna wageni wa ukaguzi na sitaki kuona msongamano humu. Waliopitiliza wote wanamaliza leo au kesho."

Alisema "wanamaliza" kama mtu anayezungumzia vyombo vya kuosha. Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini mfagizi aliyekuwa akikamua tambara karibu nasi alinong'ona kwamba ndivyo inavyokuwa kila wakaguzi wakikaribia: wodi inasafishwa, na kina mama nao wanasafishwa.

Kitanda cha pili kutoka kwetu alilala dada mmoja msusi, mimba yake ya kwanza. Alikuwa amekunja vidole kwenye ukingo wa kitanda. Mara ya kwanza nilipomtazama alikuwa analia kwa maumivu. Nikasubiri yapite, kwa sababu Mama alikuwa ameniambia kwamba uchungu wa kuzaa huja na kuondoka, na katikati mtu hupumzika. Wa msusi haukuondoka. Ulikuja mwingine juu ya ule wa kwanza, halafu mwingine tena, akawa hana hata nafasi ya kuvuta pumzi.

"Dada, umeanza tangu jana?" Mama alimwuliza kwa huruma.

"Hapana," msusi alisema kwa shida. "Nilikuja kupimwa tu. Wamenipa kidonge. Sikuwa hata na dalili."

Kabla Mama hajasema neno, Sista Haraka alifika na sinia. Juu yake kulikuwa na wembe na vidonge vidogo vyeupe, vingine vizima, vingine vimekatwa vipande visivyolingana. Akachukua kipande kimoja, akakiweka kwenye kiganja cha Mama, akampa kikombe cha maji.

"Meza."

"Ni dawa ya nini, Sista?"

"Ya kukusaidia. Meza, nina wengine wananisubiri."

Mama alitazama kiganja chake. Shangazi akaitikia kwa niaba yake, "Anameza, Sista, anameza." Nikaona mkono wa Mama unaanza kupanda taratibu kuelekea mdomoni. Hakuna aliyemwuliza kuhusu mshono. Hakuna aliyemwuliza chochote!

"Mama ana mshono," nilisema. "Nilizaliwa kwa upasuaji."

Shangazi akanifinya mkono. Sista akanigeukia. "Nani amemwuliza huyu mtoto? Siku hizi watoto nao ni madaktari?"

Uso ulinichoma kwa aibu, lakini nilikuwa na hasira kuliko aibu. "Sijasema mimi ni daktari, Sista. Nimesema Mama ana mshono. Hujamwuliza."

"We mtoto, funga mdomo!" Shangazi alisema.

Mama akaushusha mkono. Kidonge kilikuwa bado kiganjani. "Mwacheni," alisema kwa sauti ya chini. "Sista, dawa hii inafanya nini?"

"Inaanzisha uchungu. Umeridhika?"

"Na mtu mwenye mshono akiimeza?"

"Wengi wanameza na wanajifungua salama. Mama, usinipotezee muda."

"Wengi si wote. Wale wengine huwa wanapatwa na nini?"

Sista aligonga sinia kwa kidole. Ndipo Mama akajiinua, akakaa wima, tumbo lake kubwa mbele yake. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Mimi ni fundi cherehani," alisema. "Mtu akiniletea kitambaa cha bei ya kutupa, simkatii mpaka nimweleze na yeye aseme kata. Kitambaa, Sista! Nikikiharibu nitanunua kingine. Wewe unataka kuuingilia mwili wangu na mtoto wangu, na hutaki hata kuniambia jina la dawa?"

Kina mama wa vitanda vingine waliinua vichwa kutazama, na msusi bado alikuwa akigumia. Sista alipandwa na hasira. "Kama hutaki huduma, toka. Nenda ukajifungulie nyumbani."

"Sitoki," Mama alisema, "na simezi. Nataka kumwona daktari."

Maneno hayo, nenda ukajifungulie nyumbani, yananikera mpaka leo. Ina maana mtu akiuliza swali anafukuzwa hospitali? Sikusubiri kutumwa. Nilitoka mbio, nikateleza kwenye maji ya sabuni, nikainuka, nikavuka uwanja hadi jengo la pili ambako daktari wa zamu alikuwa akimalizia kumwona mgonjwa. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa utepe upande mmoja.

"Shikamoo, daktari," nilisema huku nikihema. "Mama amepewa dawa ya kuanzisha uchungu na ana mshono wa upasuaji. Bado hajameza. Na kuna dada mwingine amemeza, uchungu wake haupumziki."

Hakuniuliza mimi ni nani. Aliinuka papo hapo.

Alianza na msusi. Alimlaza kwa ubavu wa kushoto, akaweka kipimo tumboni mwake, akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto huku ameukunja uso. Aliagiza sindano ya kupunguza kasi ya uchungu, akasimama pale pale hadi msusi alipoweza kuvuta pumzi ndefu. Kisha akapita kitanda hadi kitanda na swali moja: "Uliambiwa nini kabla ya kupewa dawa?"

"Niliambiwa nimeze," alisema wa kwanza.

"Mimi niliambiwa ni ya kuongeza nguvu," alisema wa pili.

"Mimi sikuambiwa kitu," alisema wa tatu, akaanza kulia.

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alichukua kadi ya Mama kutoka mkononi mwa Sista na kuifungua. "Mama huyu aliwahi kupasuliwa. Imeandikwa ukurasa wa kwanza. Ulikuwa unataka kumfanya nini, Sista?"

"Daktari, wageni wa Jumatatu..."

"Wageni wanakuja kuwatazama wagonjwa, hawaji kutazama vitanda vitupu! Niachie sinia hilo."

Kisha akavuta kiti, akakaa kando ya Mama, akazungumza naye kama watu wawili wanaoheshimiana. Nami nilisikia kila neno. Alisema dawa ile si sumu. Ikitumiwa inavyotakiwa inaokoa maisha, kwa mfano mimba ikipitiliza sana, au presha ya mama ikipanda, au chupa ya uzazi ikipasuka na uchungu usije. Lakini inaweza kuleta uchungu mkali mno unaofuatana bila nafasi, mtoto akakosa hewa. Kwa mwenye mshono hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mfuko wa uzazi unaweza kuchanika pale ulipowahi kushonwa, na hapo mama na mtoto wote wanaweza kupotea. Ndiyo maana hupimwa kwanza, hupewa kipimo sahihi, na huangaliwa kwa karibu muda wote.

"Kwa hiyo nifanye nini?" Mama aliuliza.

"Nitakueleza njia zilizopo, wewe utachagua. Tunaweza kukulaza, tukawa tunasikiliza mapigo ya mtoto, tukasubiri kidogo kuona kama uchungu utakuja wenyewe. Au tukapanga upasuaji. Kila njia ina hatari zake, nitakuambia zote. Ukikataa moja, hakuna atakayekufukuza."

Mama aliuliza maswali mengi, mengine mara mbili. Je, kusubiri kuna hatari kwa mtoto? Ipo, daktari alisema, na inaongezeka kadiri siku zinavyopita, kwa hiyo hatutasubiri sana. Mama alimpigia Baba simu, wakaongea. Mwishowe akasema atalazwa na kusubiri hadi Jumatatu, na uchungu usipokuja, afanyiwe upasuaji.

Uchungu ulikuja Jumapili mchana, ukaenda vizuri, kisha ukasimama. Daktari akaja tena na kiti chake, akaeleza tena, Mama akaitikia, wakampasua. Mdogo wangu wa kike alitoka akiwa mzima, anapiga kelele za kudai haki yake. Msusi naye alijifungua mvulana. Mtoto alichoka sana akahitaji hewa ya mashine, lakini siku ya pili alikuwa ananyonya.

Wakaguzi walipofika Jumatatu walikuta wodi imejaa. Daktari mwenyewe aliwaambia yaliyotokea, mbele ya Sista Haraka. Sista aliondolewa kwenye uongozi wa wodi, na tangu siku hiyo hakuna mama aliyepewa dawa ile kabla daktari hajampima na kukaa naye. Sista alikuja kwa Mama kuomba radhi. Mama aliipokea, lakini alimwambia, "Sista, kawaombe radhi na wale waliomeza kimya. Mimi nilikuwa na binti wa kunisemea."

Alasiri ya Jumatatu hiyo nilikaa na Shangazi kwenye benchi nje ya wodi. Nilitegemea kugombezwa. Yeye alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa cha mtoto.

"Unajua kwa nini sina mtoto?" aliniuliza ghafla.

Nikatikisa kichwa. Nyumbani jambo hilo halikuzungumzwa.

"Niliwahi kubeba mimba. Nikaenda hospitali, nikawekewa kidonge mkononi, nikaambiwa nimeze. Nikameza. Mtoto hakuishi. Labda dawa haikuwa na kosa, labda hata ilikuwa ya kuniokoa mimi. Sijui. Sikuuliza siku ile kwa sababu nilidhani kuuliza ni kukosa adabu, na tangu hapo sikuwa na mtu wa kumwuliza. Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu. Mpaka leo sijui nilimeza nini."

Alifuta macho kwa kile kitambaa cha mtoto.

"Sasa nisikilize vizuri. Daktari mheshimu, mwuguzi mheshimu, na dawa unayoihitaji usiikatae kwa ubishi. Lakini kabla hujameza, uliza ni dawa gani, inafanya nini, ina hatari gani, na kama kuna njia nyingine. Usikubali kitu usichokielewa. Nilikunyamazisha juzi, na nilikosea mimi, si wewe."

Mlango wa wodi ulifunguka, daktari akatoka na miwani yake ya utepe, anaelekea nyumbani. Shangazi alisimama. Safari hii hakukunja mikono.

"Samahani, daktari," alisema. "Mimi nina swali. Ni la miaka mingi iliyopita."

Daktari aliweka mkoba wake chini, akakaa kwenye benchi.