Simu Iliyotangaza Mizinga ya Severini

Severini wa Sitalike ana mizinga ya nyuki msituni. Iko wapi? Usiniulize mimi. Hata mke wake Pudensiana hajui, na wamelala kitanda kimoja tangu wakiwa na meno yote.

Mrina asali hatangazi mahali pa mizinga yake. Severini alifundishwa hivyo na babu yake. Kwa hiyo akienda msituni, huaga kwamba anakwenda kisimani. Hushika njia ya kisima, halafu hukata kushoto kwenye mihogo ya watu. Penye mchanga hutembea kinyumenyume, ili nyayo zionekane zinarudi nyumbani. Nyani wakimwona hukaa chini na kumtazama.

Mwaka huu asali ilikuwa na kazi maalumu. Binti yao wa mwisho, Katarina, alikuwa anaolewa. Kwao, baba wa bibi harusi ndiye anayetoa asali ya kutengenezea wanzuki, ile pombe ya asali. Harusi bila wanzuki ni mkutano wa kijiji tu. Watu wanasaini mahudhurio na kuondoka.

Sasa, muuguzi wa zahanati alimpima Severini presha akamwambia atembee zaidi. Severini akaenda kwa kijana wa duka la simu. Kijana akamwekea programu ya mazoezi, jina lake Tembea Ung'are.

"Ni bure, mzee. Ukitembea inakupa nyota. We bonyeza Kubali tu."

Severini akabonyeza Kubali. Programu ikauliza kama inaweza kujua alipo saa zote. Kubali. Ikauliza kama njia zake zionekane na watu wote. Kubali. Alijibu kama muumini mwenye njaa anavyojibu litania, haraka na bila kusikiliza.

Jioni simu ikasema kwa sauti laini ya kike, "Hongera, Severini! Leo umeng'ara!"

Pudensiana akaweka mwiko chini. "Nani huyo?"

"Programu."

"Programu inakuita Severini hivihivi, hata 'mzee' haisemi?"

"Inanipongeza kwa kutembea, Mama Katarina."

"Mimi hujanipongeza hata kwa ugali. Wewe unapongezwa kwa kwenda kisimani, na kisimani kwenyewe umerudi bila ndoo!"

Lakini Severini alizipenda nyota zake. Kila alipokwenda kukagua mizinga, simu ilikuwa mfukoni.

Msimu wa kurina ukafika. Severini alikwenda na ndoo, akarudi na ndoo. Zote tupu. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa kuumwa na nyuki.

"Wamerina!" alisema. "Mizinga yote ya upande huu wa korongo! Wamechukua masega, wameniachia nyuki wenye hasira. Mama Katarina, umemwambia nani?"

"Nimwambie nani nini? Mimi najua kisima tu."

Severini akafikiri. "Basi ni mlembe." Mlembe ni ndege mdogo anayewaongoza watu kwenye asali. "Ndege yule ni mmbea sana."

Mlangoni mtu akacheka. Alikuwa jirani yao Minza, mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari. Alikuja kuazima ungo.

"Nyie warina asali!" alisema. "Sisi Wasukuma tukiibiwa ng'ombe tunafuata nyayo. Nyie mnamshitaki ndege."

"Nyayo zangu hazifuatiki, mwalimu. Mimi natembea kinyumenyume."

"Unatembeaje?" Pudensiana alishtuka. "Kumbe ndiyo maana kisogo chako kina michubuko ya miti!"

Hapo hapo simu ikasema, "Hongera, Severini! Leo umeng'ara!"

Minza akaacha kucheka. Alitazama jina la ile programu, akatoa simu yake mwenyewe, akaitafuta mtandaoni. Hakujisajili popote. Ramani ya Sitalike ikatokea. Juu yake kulikuwa na mstari mwekundu. Ulianzia nyumbani kwa Severini, ukashika njia ya kisima, ukakata kushoto kwenye mihogo.

"Baba, hapa ulisimama kwa muda mrefu."

"Mzinga," Severini alinong'ona.

"Na hapa?"

"Mzinga mwingine."

"Na hapa penye kichaka, karibu na korongo?"

Severini alikohoa. "Hapo nilikuwa na haja ndogo."

"Programu imepaandika, 'Mahali pazuri pa kupumzika.'"

Chini ya ramani kulikuwa na maneno mengine: Gaspar anaipenda njia hii. Gaspar ni mdogo wake Pudensiana. Wiki ile alikuwa na shavu lililovimba, na kila aliyemuuliza alijibiwa kuwa ni jino.

Severini akainuka kutafuta panga.

"Keti, baba," Minza alisema. "Kuipenda njia si ushahidi wa wizi. Njia hii inaonekana na kila mwenye simu. Aliyeitangaza ni wewe, pale uliposema Kubali. Je, kuna mizinga iliyobaki?"

"Ipo ya ng'ambo ya korongo. Kule sijaenda tangu niwekewe hii programu."

"Basi kesho ukienda na nyota zako, wakwe watakunywa maji ya kisima."

Severini akakaa. "Lakini kijana alisema ni bure!"

"Hukulipa pesa. Ulilipa njia zako. Wenye programu wanazikusanya, wanajua unapoishi, unapokwenda na saa unazotoka."

"Basi natupa simu."

"Usiitupe. Kuna programu nyingine zinaitwa programu huria. Baba, ukienda kwa muuza wanzuki usiyemjua, anafanya nini kwanza?"

"Anaonja mbele yangu. Asipoonja sinywi."

"Sasa, mwenye programu huria anafanya zaidi ya kuonja. Anaacha mapishi yake wazi, yaani maandishi yanayoiendesha programu. Kila anayejua anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kumgawia mwenzake."

"Mimi hayo mapishi siyajui."

"Hata mimi siyajui yote. Lakini wanaoyajua wapo wengi, na wakiona sumu wanapiga kelele."

Wakaanza kazi. Severini alitaka kuifuta programu mara moja, Minza akamzuia. "Ukiifuta kwenye simu tu, njia zako zinabaki kwao. Tufute kwanza njia, halafu akaunti, ndipo programu yenyewe. Na siwezi kukuapia kwamba hawakubaki na nakala."

Kisha akamwonyesha F-Droid, duka la programu huria. Humo wakachukua OpenTracks, inayopima matembezi.

"Hii inaandika njia ndani ya simu yako tu. Haina hata ruhusa ya kuingia mtandaoni."

"Inapongeza?" Severini aliuliza kwa unyonge.

"Hapana. Haitakuambia umeng'ara wala hujang'ara."

"Hiyo ndiyo programu," alisema Pudensiana. Akaleta na simu yake. Walipofungua sehemu ya ruhusa, walikuta programu ya tochi inaruhusiwa kusikiliza maongezi na kusoma majina ya ndugu zake wote.

"Tochi inataka nini kwa ndugu zangu?" aliuliza. "Wako gizani?"

Wakaifuta. Minza akawaambia, "Kila programu ikiomba kitu, jiulize kama kazi yake inakihitaji. Isipokihitaji, kataa. Na huria si hirizi. Ukipiga picha ya mzinga ukairusha kwenye kundi la ukoo, hakuna programu itakayokuokoa."

Kesho yake alfajiri, Severini alivuka korongo. Simu ilikuwa mfukoni, kimya kama mtu mwenye adabu. Mizinga ya kule ilikuwa mizito, haijaguswa na mtu. Alirudi na ndoo zimejaa masega, na Pudensiana akazifunika kwa kanga yake ya kanisani.

Siku ya harusi wanzuki ilitosha. Wakwe walikunywa, wakaimba, wakamsifu baba wa bibi harusi mpaka presha ikataka kupanda tena. Gaspar naye alikuja, shavu limenyooka. Alipomaliza kikombe cha kwanza, akamsogelea Severini taratibu.

"Shemeji, asali hii ni tamu kweli. Umeitoa wapi?"

Wageni wa karibu wakatega masikio.

Severini akafuta povu mdomoni. "Kwa nyuki," alisema, akamwongezea kikombe.